Nani Anakukimbiza?

Mtanicheka, lakini yaliyonipata kwenye marathoni yangu ya kwanza hapa Morogoro bora niyaseme mwenyewe. Kufika Kilakala nilikuwa wa mwisho, nakimbia huku machozi yananitoka. Bibi mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbua barazani kwake aliniita. Hata shikamoo sikuiweza.

"Mwanangu, nani anakukimbiza hivyo?"

Nilitaka kumwambia kwamba mume wangu ndiye aliyeniandikisha mbio hizi. Pumzi ikaishia kwenye "mume wangu."

Akanivuta ndani, akafunga mlango, akanipa uji, akaanza kunikanda miguu. Ningesema ukweli, ila tangu mama afariki hakuna aliyenishika miguu hivyo. Nikanywa uji.

Mara mume wangu, aliyekuwa akinitafuta, akabisha hodi. Bibi akamfungulia na mwiko mkononi.

"Humpati. Kama umemchoka, mrudishe kwao, usimpige."

"Shikamoo, bibi," alisema, jasho likimtiririka. "Nimemletea kandambili. Mbio zimeshaisha."

Bibi akanigeukia, akaiona namba kifuani mwangu.

"Kumbe unajikimbiza mwenyewe," akasema. Kisha akarudi kukaa, akaipakata tena miguu yangu.