Ruhusa ya Msiba

Mimi ni mwoga, nalisema mapema ili nisionewe huruma ya bure. Miaka minne nimeuza vitenge dukani kwa mama mmoja wa Kamembe, na kumwambia hapana sijawahi.

Mara moja nilijaribu. Tulikuwa tumefunga mizigo ya wanawake wachuuzi wa Bukavu wiki tatu bila Jumapili, miguu imenivimba. Nikamwambia, "Maman, naomba siku tatu. Nimechoka tu."

"Na mie nimechoka," akajibu huku akipima kitambaa. "Ruhusa ni ya mugonjwa na ya mwenye msiba."

Hapo shetani akanipa akili. Kwetu tajiri hathubutu kumnyima mtu ruhusa ya msiba, watu watamsema hadi kanisani. Kila mfanyakazi wa mtaa ule alikuwa ameshamuua shangazi au mjomba kwa mdomo. Mimi, kwa pupa, nikamuua mama, maana msiba wa mama mzazi hupewa wiki nzima. Kwetu Bweyeye ni mbali na barabara ni mbovu. Nilijua hakuna atakayekuja matangani.

Bosi alilia kuliko mimi. Nikaenda nikalala wiki nzima, mama akinipikia viazi na kunihimiza nimshukuru huyo patroni mwenye moyo.

Niliporudi, bosi akanishika mikono. "Sasa mama yako ni mie," akasema. Tangu siku hiyo hata Jumapili naitwa dukani, na binti wa nyumba haombi ruhusa.

Mwaka huu kaka yangu akapiga simu: mama yuko kitandani, anakuulizia wewe tu. Nikamwambia bosi kwamba mama mdogo anaumwa. Akanipa siku moja. Wakati wa mvua, siku moja ni ya kufika tu. Ningesema kweli ningefukuzwa, na wanangu wawili wanakula kwa vitenge hivyo. Nikangoja alainike. Nilingoja siku tisa, na kila siku niliichukia nafsi yangu.

Siku ya kumi kaka akaniambia wameshamzika. Nikakaa juu ya robota la vitenge nikilia. Bosi akaniinamia, akauliza nina nini.

"Mama," nikasema.

Akanipapasa mgongo. "Ni miaka mbili sasa, mwanangu. Panguza machozi, bakiriya banaingia."

Nikapangusa, nikamuuliza mteja wa kwanza anataka rangi gani.