Swichi Inayovuja

Mpaka ulifungwa nikiwa nimekuja Kamembe kwa likizo fupi. Maabara ya chuo ikabaki mbali, nami nikabaki na laptopu katika chumba cha nyuma cha nyumbani, pamoja na shangazi yangu. Tantine, kama tunavyomwita, ni mfanyabiashara wa Bukavu, ng’ambo ya mpaka; naye alikwama upande wetu na vitenge vyake.

Nilikuwa nachora kichipu cha kugeuza umeme wa kihisio kuwa tarakimu. Kilikusudiwa kupima unyevu wa mpunga katika maghala ya Bugarama kwa betri moja ndogo, msimu mzima. Mwisho wa kiwanda kupokea michoro ulikuwa Ijumaa. Kuchelewa kulimaanisha kungoja mwaka, na ufadhili wangu wa masomo ungeisha kabla.

Wazo lenyewe si gumu, usiogope. Swichi huingiza umeme kwenye kapasita, kama maji kwenye kopo, kisha huziba. Hapo kichipu huuliza: maji yamefika nusu? Yamefika nusu na robo? Kila swali dogo kuliko lililotangulia, mpaka namba ipatikane. Shida ni kwamba swichi ya transista haizibi kabisa, na joto likipanda huvuja zaidi. Nilipoweka joto kali la Bugarama kwenye jaribio la laptopu, maji ya kopo yalipungua kabla maswali hayajaisha.

Nikaharakisha maswali, betri ikaliwa. Nikaongeza ukubwa wa kopo, betri ikaliwa vilevile, maana kulijaza nako kunataka umeme. Nikarudi kwenye mwendo wa taratibu, likavuja. Siku zikaenda hivyo, nikizunguka mlemle.

“Weye, unagombana na nani?” Tantine akauliza.

“Na swichi. Inavuja.”

“Si uifunge!”

“Nimeifunga. Inavuja ikiwa imefungwa.”

Akacheka mpaka akashika mbavu. “Kumbe ni kama mupaka! Wanasema imefungwa, lakini bitenge bipya bya Bukavu nabiona ku soko kila siku. Ni miye tu sivuji.”

Alhamisi nilikata maswali mawili ya mwisho, yale madogo kabisa. Kopo likahimili, betri ikatosha. Mwenye ghala angejua kama mpunga umekauka au bado, lakini usahihi niliouahidi chuoni ulipotea, na sikuwa na namna ya kujua kama walimu wangeukubali mchoro uliopungua hivyo. Ijumaa mchana nikautuma.

“Imeenda?”

“Imeenda, Tantine.”

“Na kama kuna kosa?”

“Hakuna kufuta tena. Watakichonga kama kilivyo. Nitajua kikirudi, miezi ijayo.”

“Miezi! Sasa utafanya nini?”

“Nitangoja.”

Akajisogeza kwenye mkeka wake, akaacha nafasi ya mtu kukaa.

“Basi karibu, mutoto wangu. Ikala.”