Mbwa wa Kwenye Bili ya Umeme

Juzi, mbele yangu kwenye foleni ya ofisi ya umeme, mke wa askari kutoka Makindye aliweka kaunterini bili na onyo la kukatiwa, kidole chake juu ya neno "makadirio".

"Ssebo, bwana, hii ni nini?"

"Msoma mita alikuta mbwa mkali, hakuingia," karani alijibu bila kuinua macho. "Kwa hiyo tumekadiria kutokana na miezi iliyopita."

"Na hiyo miezi iliyopita?"

"Nayo tulikadiria. Mbwa."

"Mbwa gani? Mimi hapana na mbwa. Niko na kuku tu!"

Karani aligeuza kompyuta amwonyeshe. "Mama, mbwa yuko hapa. Kama unabisha, leta barua ya mwenyekiti wa LC, serikali ya mtaa wako, yenye mhuri, kwamba huna mbwa."

Mama akakunja bili polepole. "Na msoma mita wenu alileta barua ya nani kwamba alifika?"

Ghafla karani akakumbuka kwamba ni saa ya chakula, akafunga dirisha.

Pale kwenye foleni nikafungua bili yangu, ambayo siku zote nalipa bila kuisoma. Makadirio, na chini yake kwa herufi ndogo: mbwa mkali. Nami nakaa ghorofa ya tatu, Nateete, ambako anayebweka ni mimi peke yangu, tena siku ya bili tu.