Nilivyoitengenezea pikipiki kitanda ili mama mkubwa asirudi Luofu

Wakuu, salamu kutoka Butembo.

Jukwaa hili nalisoma muda mrefu bila kuchangia chochote. Leo naandika kwa sababu mgongo umenikatalia kufanya kazi na nimechoka kutazama dari. Hakuna cha kutunga hapa. Anayebisha aje mtaa wa Vulamba aulize nyumba ya yule mtu mwenye kitanda cha pikipiki, ataletwa hadi mlangoni huku wakinicheka.

Kiswahili changu kimechanganyika na Kifaransa, 'mais' yetu ni lakini na 'batu' ni watu, ndivyo tulivyo huku. Mtanivumilia.

Kwanza muielewe nyumba. Vyumba viwili, sebule na gareji. Nikisema gareji msiwaze gari. Ni chumba chembamba chenye mlango wa bati unaotazama barabara, na kazi yake ni kulaza pikipiki.

Huku pikipiki hailali nje. Ukiiacha uani, asubuhi unakuta alama ya tairi tu. Na hiyo pikipiki ndiyo inayotulisha mimi, mke wangu Katungu na watoto wetu. Asubuhi nabeba abiria, mchana nabeba magunia ya viazi.

Sasa, mama mkubwa alifika kwetu kutoka Luofu, kule kusini mwa Lubero, akiwa na wajukuu wawili, godoro moja na sufuria. Vita. Sitaeleza zaidi, wengine mnasikia redioni.

Huyu ni dada mkubwa wa marehemu mama yangu, na ndiye aliyenilea mama alipofariki. Sikuwa na la kufikiria. Vyumba vilikuwa vimejaa, tukamweka gareji.

Hapo ndipo uchovu wa nyumba hii ulipoanza.

Kila jioni mama mkubwa anakunja godoro, anatoka na wajukuu, wanasimama uani hata kama mvua inanyesha. Mimi naingiza pikipiki. Chumba ni chembamba, haigeuki. Naisukuma mbele, naivuta nyuma, mbele tena, nyuma tena, jasho linanitoka, hadi ikubali kukaa kimshazari. Kisha wao wanatandika kwenye pembe iliyobaki, miguu ya mama mkubwa ikiwa karibu na bomba la moshi lenye joto bado. Harufu ya petroli ndiyo blanketi lao.

Alfajiri nawaamsha wote ili nitoke kwenda kazini.

Mama mkubwa si mtu wa kulalamika. Amelima milima ya Luofu maisha yake yote na kanisani ni mama shemasi. Lakini siku moja, akichambua maharage, akasema taratibu bila kuinua macho:

"Mwana wangu, mimi nitarudia ku Luofu. Shamba yangu iko nalia."

Nikamwambia, "Mais mama, kule banaua batu."

"Mimi muzee. Batanifanya nini?"

Nilijua akirudi kule sitamwona tena. Na mimi kwa akili yangu nikajua sababu ni nini: ni pikipiki. Nani anaweza kulala na pikipiki kila siku na bado ajione yuko nyumbani?

Nikaanza kutafuta dawa. Kwenye simu nikaona video ya mtu amepandisha pikipiki yake juu ya sinia refu la chuma lenye vigurudumu, anaisukuma kwa upande hadi inabana ukutani kama kabati. Nikasema ndiyo hii. Ikienda kwa upande, chumba kizima kinabaki wazi.

Jaribio la kwanza nilitumia mbao za mkaratusi na magurudumu ya chukudu. Kwa wageni, chukudu ni ule mkokoteni wetu wa mbao wenye magurudumu mawili na usukani, mtu anaupanda kwenye mteremko kama baiskeli isiyo na pedali. Nilipiga misumari siku nzima. Nilipomaliza nikakumbuka kwamba magurudumu ya chukudu yanajua kwenda mbele na nyuma tu.

Nilikuwa nimetengeneza chukudu ya kubeba pikipiki. Jirani akauliza, "Pikipiki yako imechoka kutembea?"

Basi nikapanda pikipiki hadi Beni, kwa shemeji yangu Muhindo, kaka wa Katungu. Ni fundi wa kuchomelea vyuma mtaa wa Bungulu na ana karakana yake mwenyewe.

Wenye kutaka kuiga, shikeni hapa. Chukua vyuma viwili vya pembe, vilaze sambamba vifanye mfereji ambao tairi zote mbili zinaingia. Upande mmoja chomelea kibao cha chuma ambapo stendi ya pikipiki itakanyaga. Magurudumu msiyaweke chini ya mfereji, yawekeni nje, kwenye mikono minne ya chuma inayotokeza pembeni. Hivyo mfereji unakaa chini karibu na sakafu, na kupandisha pikipiki hakuhitaji watu wa kukusaidia.

Magurudumu tuliyapata kwa wauza vyuma chakavu. Yalikuwa ya vitanda vya zamani vya hospitali, yale yanayozunguka kila upande. Yalikuwa na vipedali vya breki lakini vilikuwa vinagusa chuma, Muhindo akavikata. Mimi nikamshikia chuma akate vizuri. Kumbukeni hilo.

Tukaijaribu kwenye sakafu ya karakana. Muhindo akafurahi kuliko mimi.

"Shemeki, sukuma na kidole moja! Ona, iko nateleza sawa sabuni!"

Kweli iliteleza. Na ukiiacha inasimama palepale, tulivu kabisa. Nikamshukuru, nikasikia mzigo umenitoka mabegani.

Kurudi Butembo, ile kazi ya chuma tuliipakia kwenye gari dogo lililobeba mbao, mimi nikafuata nyuma nikila vumbi. Kwenye kizuizi askari mmoja akapanda juu ya mbao, akaigonga kwa kiatu.

"Oyo nini?" akauliza kwa Kilingala, yaani hiki nini.

"Ni kitanda ya pikipiki, chef."

Akamgeukia mwenzake. "Unasikia? Pikipiki iko na kitanda. Sisi tuko nalala chini."

Wakacheka wote, dereva pia. Mimi sikucheka. Nilikuwa namfikiria mama mkubwa na pembe yake.

Nilipofika nyumbani nikawaita wote waje waone. Hapa sasa ndipo ujinga wangu ulipoanikwa hadharani. Nikapandisha pikipiki, nikainyoosha vizuri, nikasukuma kwa kidole kama Muhindo. Ikaenda ukutani bila kelele. Watoto wakapiga makofi. Katungu, ambaye huniita kwa jina la binti yetu, akasema, "Eeh, Papa Esther!" Mama mkubwa alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, ungo wa maharage mapajani, naye akatabasamu.

Nikatoa mkono ili nijifute jasho.

Pikipiki ikaanza kurudi.

Wakuu, Beni ni tambarare. Butembo ni vilima vitupu, na sisi wenye nyumba za mteremkoni tunamwambia fundi ainamishe sakafu ya gareji kuelekea mlangoni, ili maji ya kuoshea pikipiki na ya mvua yatoke yenyewe. Kila mtu hapa anafanya hivyo. Mimi mwenyewe ndiye niliyesimama juu ya fundi siku ya kumimina sakafu nikimwambia, inamisha, inamisha zaidi. Halafu nimeenda kujaribu mashine kwenye uwanda na nimesaidia kukata breki.

Nilidaka usukani, ukaniburuta. Mgongo ulilia palepale. Chuma kikampiga mama mkubwa kidole cha mguu, ungo ukaruka, maharage yakatawanyika hadi barabarani, pikipiki ikaegemea mlango wa bati na kioo cha pembeni kikavunjika.

Mama mkubwa alishika mguu wake, akaitazama pikipiki, akasema:

"Munaona? Hata pikipiki iko nanifukuza."

Watoto walicheka, maana ilichekesha. Mimi nilitaka kulia, na sisemi kwa kutia chumvi. Jioni ile nilimwona anafunga nguo zake kwenye kitenge. Akamwambia Katungu kwamba Jumapili baada ya ibada atatafuta gari la kusini.

Nikampigia Muhindo.

"Shemeki, kitu yako iko natembea peke yake!"

"Inatembea namna gani? Huku ilikuwa imetulia."

"Huko ni Beni! Kwetu ni mulima!"

"Mais juu ya nini haukusema?"

Nilikuwa nimempa vipimo vyote vya pikipiki, lakini sakafu sikuitaja.

Jumamosi nikapeleka kitanda kwa fundi wa karibu, nikiwa nimeinama kama mzee. Dawa yenyewe ni ndogo hadi inaudhi. Kwenye ncha mbili za upande usiogusa ukuta tulichomelea nati kubwa, ndani yake tukapitisha bolti ndefu zenye mkono juu. Pikipiki ikishafika ukutani, unakaza bolti hadi zinakanyaga sakafu na magurudumu ya upande ule yananing'inia. Haiendi popote. Nikaongeza mnyororo kwenye ndoano ukutani, maana siamini tena kitu chochote chenye gurudumu.

Niliisukuma, nikaipiga teke, nikawaambia watoto waivute. Imekaa.

Jumapili wenzangu walienda kanisani, mimi nikabaki kwa sababu ya mgongo. Nikaosha sakafu polepole, nikabana pikipiki ukutani, nikatandika godoro la mama mkubwa upande wa pili, limenyooka. Katikati pakabaki uwanja. Sikuwahi kujua chumba kile ni kikubwa hivyo.

Akarudi. Akasimama mlangoni, anatazama sakafu, hatazami pikipiki. Kitenge chake kilichofungwa kilikuwa bado pale juu ya ndoo.

"Pale katikati," akasema, "mutu anaweza kulala?"

"Ni pako, mama. Ulale vile unataka."

"Mimi niko na pangu. Niko naulizia Masika."

Sikumjua Masika. Ndipo akakaa kwenye kigoda akanieleza. Masika ni jirani yake wa Luofu, mjane. Siku walipokimbia, mguu wa mama mkubwa ulikataa njiani, na Masika ndiye aliyembeba mjukuu mdogo mgongoni, akaacha mzigo wake mwenyewe porini. Alipofika Butembo hakuwa na ndugu. Analala kwenye sakafu ya ukumbi wa kanisa na watu wengine wengi, na amechoka, ameamua kurudi.

"Kama Masika anarudia kule," mama mkubwa akasema, "mimi nitamuacha aende peke yake?"

Nikamuuliza, "Mama, juu ya nini haukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulinipokea na batoto, pikipiki yako iko mu nyumba. Tena nikuletee mutu mwingine, nimuweke wapi?"

Wakuu, nilikaa chini kwenye sakafu yenye maji. Wiki zote zile nilizungumza na mafundi wa Butembo na Beni. Yeye, ambaye kazi yote ilikuwa kwa ajili yake, sikumuuliza swali hata moja. Niliamua tu kwamba najua.

Masika alikuja jioni ileile, na mkeka na jembe. Mtu amepoteza kila kitu lakini jembe amepata wapi, sijui. Alinishika mikono miwili akasema, "Wasingya," ndiyo asante yetu Wanande. Kisha akaitazama pikipiki kwa wasiwasi, inaonekana alishasimuliwa. Nikamwonyesha zile bolti.

Katungu alitazama sufuria yake, akanitazama mimi, akaongeza maji kwenye maharage.

Sitawadanganya kwamba sasa ni raha. Tumebanana zaidi ya mwanzo. Sabuni haikai, foleni ya choo asubuhi ni ndefu, na mgongo wangu haujapona. Lakini mama mkubwa amefungua kitenge, na habari ya gari la kusini hajaigusa tena. Siku mgongo ukiniruhusu, alfajiri nalegeza bolti, natoa pikipiki taratibu, na hakuna anayeamka.

Nilichojifunza ni hiki: pima sakafu kabla ya kukata chuma, na muulize mwenye shida shida yake ni ipi kabla hujaanza kumtatulia.

Wenye ujuzi wa magurudumu yenye breki imara, nielekezeni yanapatikana wapi kwa huku kwetu. Na ninyi mnaoishi na wageni wengi kwenye nyumba ndogo, semeni mnafanyaje, nasoma zote.

Najua mtadai picha. Ya kitanda cha pikipiki nitaiweka siku nikikitoa nje. Ndani sipigi picha, ni chumba cha kulala cha watu.