Maiki Iliyoning'inia Kanisani Tlawi

Nilikuwa na maiki mbili tu, na kadi yangu ya sauti ilipokea mbili hizo hizo, kwa hiyo dramu nzima ya kanisa letu la Tlawi ilibidi iingie kwenye traki mbili za kurekodia. Niliwaza wiki nzima. Moja niliiweka mbele ya ngoma kubwa ya besi, ambayo nilikuwa nimeijaza blanketi la mama ili isivume. Ya pili niliining'iniza kwenye boriti ya paa, nikapima umbali wake hadi ngoma ndogo ya snea kwa kamba ya ndama, nikapima tena, nikashuka, nikapanda kupima mara ya tatu.

"Mtaalamu, tutapiga leo au Pasaka?" aliniuliza mpiga dramu. Nilisoma naye tangu darasa la kwanza. Ni yeye peke yake niliyemwambia kwamba albamu ya kwaya ikitoka na dramu zangu, nitaipeleka redioni kuombea kazi, maana cheti changu cha ufundi wa sauti kimekaa kabatini mwaka wa pili.

Alipiga wimbo wa tatu vizuri kuliko yote. Mara tu alipomaliza, mashine ya kusaga ya jirani ikawaka. Nikakimbia kumwomba mwenye mashine atusubiri, nikaacha laptopu ikiendelea kurekodi, kwa kuogopa kwamba nikiizima itagoma kuwaka.

Nyumbani niliweka spika za masikioni. Baada ya toazi la mwisho kufifia, ikaja, juu ya mvumo wa mashine, sauti ya mwalimu wa kwaya: "Huyu bado anapima kamba tu?"

Rafiki yangu akacheka. "Mwache amalize, mwalimu. Si mama yake ndiye aliyeomba tumpe shughuli? Tukifika studio mjini tutaweka dramu za kompyuta."

Nilirudia mara nyingi. Nilitafuta namna ya kuisikia kama utani. Nilijilaumu hata kwa maiki: ningeipandisha kidogo, pengine isingewafikia.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta rafiki yangu kanisani peke yake. Nilimpa spika za masikioni. Alisikiliza wimbo akigonga goti, akitabasamu. Kisha goti likatulia.

Alizivua taratibu. "Kumbe sauti yangu ndiyo iko hivyo?"

Nikaanza kuzungusha waya wa spika hizo.

"Tungekwambia," alisema. "Ila ulikuwa na furaha sana."

Akainama, akalitoa blanketi ndani ya besi, akalikung'uta vumbi, akalikunja mara nne kwa uangalifu kama mtu anayefanya kazi ya maana, akanikabidhi.

"Mpe mama shikamoo yangu."

Nililibeba hadi nyumbani, nikalitandika kitandani kwake. Shikamoo hiyo sijaifikisha mpaka leo.