Mita Yenye Njaa

Bi Volti hakuwa mtu wa kubahatisha. Redio, feni, taa za sola, akishashika yeye, basi, kimepona. Jina alipewa na wateja, maana kabla hajaitikia salamu yako vizuri ameshachomeka ncha za mita yake ya kupimia umeme mahali. "Mita haina maneno mengi," alipenda kusema. Yeye mwenyewe, jamani, maneno alikuwa nayo!

Asubuhi moja umeme ulikatika, mama mkwe wake akatoka jikoni akihema. Kuku aliohamia nao kwa mwanawe walikuwa wamekufa wote kwa ugonjwa. Mbegu yao ilibaki kwenye mayai tu, ndani ya mashine ya kutotolesha, na mashine ndiyo hiyo imezima.

"Usijali, mama."

Betri za sola zilitoa volti ishirini na nne, mashine inataka kumi na mbili. Bi Volti akachukua konvata, kidude cha kupunguza umeme, akaiunga katikati. Akagusisha ncha za mita, akazungusha skrubu ya konvata taratibu mpaka mita ikasoma kumi na mbili kamili. Akajipangusa mikono na kurudi kwenye meza yake.

Adhuhuri mama mkwe akaja tena. "Kipimajoto cha mashine kinashuka."

"Hicho kimezeeka, mama. Mita inasema kumi na mbili."

"Nyumba hii kila changu kimezeeka. Chako tu ndicho kizima!"

Hakubishana zaidi. Alitoa yai moja, akamwekea mkwewe shavuni. Lilikuwa la baridi. Bi Volti akaingiwa na hofu.

"Mama, hebu nipe tochi yako."

Akachomoa betri, mpya kabisa, akaipima. Mita ikasoma volti mbili na kidogo. Lo! Betri ya volti moja na nusu, hata itoke kiwandani leo, hiyo mbili itaitoa wapi? Akafungua mgongo wa mita. Betri ya ndani ilikuwa hoi, na mita ya aina ile ikiishiwa nguvu huanza kutia chumvi. Akaiwekea mpya, akapima konvata upya. Tisa! Mayai yalikuwa yakishinda na joto la kuombaomba.

"Kosa langu, mama," alisema, na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye skrubu. Safari hii ikawa kumi na mbili ya kweli, na kipimajoto kikaanza kupanda.

Mama mkwe akarudisha betri kwenye tochi, akalimulika lile yai. Wote wawili walibana pumzi. Ndani, katikati ya mishipa myembamba, kitu kikajisogeza.

"Kinacheza!" mama mkwe akapiga kelele, wakakumbatiana pale pale, yai likiwa juu mkononi.

Siku hizi, kila asubuhi akienda kuwalisha vifaranga, mama mkwe hupitia kwanza kwenye meza ya kazi na kuigonga mita kwa kidole.

"Na huyu wako, amekula?"

Bi Volti, na maneno yake yote yale, hupima kwanza betri ya tochi ndipo ajibu.