Kuinua Gari la Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipozikwa, gari lake lilibaki nje ya nyumba yetu Buruburu, limeshushwa hadi karibu lilambe lami. Mimi sikuwa na neno nalo. Sikuwa na neno na chochote wakati ule. Watu walikuja kutupa pole, nikawaitikia, nikawamiminia chai, na sikuhisi kitu.

Mama ndiye aliyenipa kazi. Tangu mazishi hakuwa ameenda kanisani, na kwake kanisa si mchezo. Magoti yake yamechoka. Kila Jumapili mdogo wangu alimpeleka kwa gari hilo, na wakifika alimshika mikono yote miwili akamvuta kama anayeng'oa muhogo. Nikamwambia nitamwitia teksi. Akakataa.

"Nitaenda na gari la mtoto wangu ama nikae," akasema. "Lakini wewe hujui kunivuta. Liinue kidogo."

Basi Jumamosi nikalipiga jeki, nikatoa magurudumu. Shoki zake, vile vizuia mtikiso vya kila gurudumu, zilikuwa zile za kurekebishwa, zimevikwa springi, kila moja ina nyuzi mwilini kama boliti na ringi mbili za kuzungusha kwa spana. Ringi ya chini hupandisha gari, ya juu hubana springi. Wako wengi mtaani ambao wakitaka gari lipande huibana springi tu, kisha wanashangaa likiwarusha kama mkokoteni. Mdogo wangu aliwacheka sana hao. Haya yote alinifundisha bila kuombwa, maana mezani hakuwa na hadithi nyingine.

Jirani akapita, akasimama. "Niaje! Hiyo chuma unaishusha tena?"

"Naiinua."

Akaenda zake.

Ringi za chini nikazipandisha sawa kote. Nilipofika nyuma kushoto nikakuta springi imebanwa kuliko zote. Nikasema moyoni, fundi gani huyu, maringo yote yale na kona moja imemshinda. Nilimkasirikia. Tangu afe sikuwa nimehisi kitu, na hicho cha kwanza kilikuwa hasira, tena kidogo tu. Nikailegeza springi ikalingana na zile nyingine, nikarudisha magurudumu, nikanawa.

Asubuhi Mama akatoka amevaa nguo zake za kanisani, akaingia nyuma kushoto bila kushikwa. Hajawahi kukaa mbele. Mbele, husema, ni pa mkaza mwana wake, siku tutakapojaliwa kumleta. Mama ni mtu wa mwili na haoni haya kusema hivyo. Alipoketi tu, gari likainama upande wake.

"Mbona leo limelala?" akauliza.

"Limelala vipi?"

"Si unaona? Mwenzako alinikalisha hapa hapa, nikawa nakula njugu, yeye anatazama kutoka nyuma. 'Shuka, Mama.' Anaingiza jeki, anakaza. 'Panda, Mama.' Na magoti haya! Nilishuka na kupanda hadi nikamtukana. Hakuniacha mpaka liliposimama sawa."

Nikabaki na funguo mkononi. Kumbe kona ile haikuwa imemshinda. Aliipima na mama yetu ndani, na mimi jana nilikuwa nimeifuta kazi yake.

"Shuka, Mama," nikasema.

"Tutachelewa."

"Shuka tu."

Nikaleta jeki, nikatoa gurudumu, nikaikaza ringi ya juu. Nikarudisha, nikashusha, nikamwambia apande, nikaenda nyuma kutazama. Bado. Akashuka. Nikakaza tena. Safari hii hakunitukana. Alipanda na kushuka, anajishika mlangoni, mpaka gari likasimama sawa naye akiwa ndani.

Nikaenda dirishani kwake kumwambia imetosha. Nilikuwa nalia, na mikono yote ina grisi, sina hata cha kujifutia. Mama akashusha kioo, akanyoosha mkono, akanipa leso yake nyeupe ya kanisani, nikaichafua yote.